Tungule na Tenga

Watu wa rika langu hapa Nguvumali tuna lalamiko moja ambalo vijana wamechoka kulisikia: kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha. Tukilisema barazani tunachekwa. Tunaambiwa ulimi wa mzee umechakaa, na kwamba mzee husifu kila kilichopita, hata njaa ya zamani kwake ilikuwa njaa bora. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ulimi huchoka kweli, na pua huchoka zaidi. Lakini kuhusu nyanya nathubutu kusema kwamba wazee tunao ushahidi, na ushahidi wenyewe haumo vinywani mwetu bali umo ndani ya tunda, katika maagizo ya urithi ambayo wataalamu huyaita jeni. Nitaueleza kadiri nilivyouelewa, maana historia yake ni ndefu na imepita mahali pengi, pamoja na milima tunayoiona tukitazama magharibi.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Nyumbani kwetu tulisema tungule kwa kila aina, kubwa na ndogo. Katika insha hii nitayatenganisha. Tungule itakuwa ile ndogo ya mviringo, inayojiotea yenyewe nyuma ya jiko palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Nyanya itakuwa ile kubwa iletwayo sokoni kwa tenga. Ni mmea mmoja, kama vile mbwa wa mtaani na mbwa wa polisi walivyo mbwa.

Mmea huo si wa kwetu. Asili yake ni magharibi ya Amerika ya Kusini, kandokando ya milima ya Andes, ambako hadi leo humea nyanya mwitu yenye vitunda visivyozidi sana ukubwa wa mbaazi mbichi. Wenyeji wa Meksiko ndio waliomlea mmea huu hadi akazaa matunda makubwa. Wahispania wakamchukua kwenda Ulaya katika karne ya 16, na mwaka 1544 mtaalamu wa mimea wa Italia, Mattioli, alimtaja katika maandishi yake. Waitalia wakaliita tunda lake tofaa la dhahabu, na jina hilo wanalo hadi leo. Dhahabu si nyekundu. Hivyo wengi hudhani kwamba nyanya za kwanza kuonekana huko zilikuwa za njano, na jambo hilo la rangi nitalirudia.

Sasa angalia, ndugu msomaji, kinachotokea mmea unaposafiri. Anayevuka bahari na mbegu hachukui shamba zima, huchukua kibindo. Sisi wa Tanga tunao mfano wa jambo hili kuliko watu wengi duniani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitishwa Hamburg, na iliyofika hai katika pwani yetu ilikuwa 62 tu. Kwa kuwa mkonge huzalishwa kwa vichipukizi, kila mche ni nakala ya mzazi wake. Mashamba yaliyoufanya mkoa huu ujulikane duniani yalianza na mimea 62 iliyopenya katika mlango mwembamba. Nyanya nazo zilipenya milango ya namna hiyo, tena zaidi ya mara moja: kutoka Andes hadi Meksiko, kutoka Meksiko hadi Ulaya, na kutoka Ulaya hadi kwetu katika pakiti za mbegu. Na kwa kuwa ua la nyanya ya shambani aghalabu hujichavusha lenyewe, wachache waliopenya waliendelea kufanana wao kwa wao. Yaliyoachwa nje ya mlango hayakuonekana, kwa hiyo hayakuliliwa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, urithi tulifundishwa kwa njegere za Mendel, yule mtawa aliyechapisha matokeo yake mwaka 1866. Baadaye nami nikawafundisha wengine hivyo hivyo ubaoni, na jioni tukaenda na majembe katika shamba la shule, maana ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea. Mambo hayo mawili, ubao na shamba, hayakukutana kamwe katika ratiba. Ubaoni tulikuwa na njegere ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzila, na shambani tulikuwa na nyanya ambazo hakuna aliyetuambia kwamba zinatii sheria ile ile.

Tunda la nyanya ni maji kwa zaidi ya sehemu 90 katika kila 100. Ladha yote imo katika kile kidogo kinachobaki: sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, asidi, hasa ile iliyomo pia katika limau, na kemikali nyingi nyepesi zinazoruka hewani na kupanda puani kutokea nyuma ya koo. Hizo za mwisho ni chache mno kwa uzito, lakini ndizo zinazotofautisha nyanya na maji yenye sukari na ndimu. Wataalamu wamekwisha kuhesabu kama 400 katika nyanya, ingawa zenye uzito kwa mlaji ni kama dazeni mbili au tatu. Mojawapo ni ile ile inayonukia katika marashi ya waridi. Bibi zetu waliokuwa wakinyunyiza mrashi harusini na kukatakata tungule za kachumbari siku hiyo hiyo hawakujua kwamba wameshika kitu kimoja kwa mikono miwili.

Kila moja ya kemikali hizi hutengenezwa kwa maagizo ya jeni. Nyanya ina jeni kama 35,000, na orodha yake nzima ilichapishwa mwaka 2012. Maagizo yenyewe yameandikwa kwa alfabeti ya herufi 4 tu, na husomwa herufi tatu tatu. Nipe ruhusa nirudi ubaoni kidogo. Chukua maneno haya: MTU ALI OTA. Kila neno lina herufi tatu, na tunaelewa kwamba mtu aliota. Sasa mwandishi mzembe aongeze A moja baada ya neno la kwanza, na msomaji aendelee kusoma tatu tatu kama alivyoagizwa. Atapata MTU AAL IOT A. Neno la kwanza limesalimika. Yaliyofuata yote yameharibika, kwa herufi moja.

Hili limetokea katika nyanya, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tungule na aina nyingi za zamani zina bega la kijani: tunda likiwa bado bichi, sehemu ya juu karibu na kikonyo huwa na kijani kizito kuliko tumboni, na hata likiiva mara nyingine bega huchelewa. Wafugaji wa mbegu wa Marekani, kuanzia miaka ya 1930 hivi, walipata mimea ambayo tunda lake lote lilikuwa na kijani kimoja chepesi, na likiiva likawa jekundu sawasawa pande zote. Walipendezwa sana. Tunda la namna hiyo ni rahisi kujua limefikia wapi, linavunwa pamoja na wenzake, na likipangwa dukani linavutia. Sifa hiyo ikaingizwa katika mbegu nyingi sana za dunia. Miaka kama 70 ikapita. Ndipo mwaka 2012 Ann Powell wa Davis, California, na wenzake walipoonyesha sababu yake: herufi moja ya ziada katika jeni inayosimamia vile vijiko vya kijani ndani ya tunda vinavyopika sukari kwa mwanga wa jua. Ni kweli kwamba sukari nyingi ya tunda huletwa kutoka majanini, lakini tunda lenyewe nalo hupika kiasi, na bega la kijani ndilo jiko lake. Walipoirudisha jeni nzima katika tunda, sukari iliongezeka, na pia ile rangi nyekundu iitwayo likopini. Kumbe kwa miaka 70 watu walikuwa wanachagua uzuri wa sura na kuzima jiko bila kujua. Hakuna aliyekusudia. Mtu hawezi kulaumiwa kwa herufi ambayo wakati ule haikuwa na miwani ya kuisomea.

Suala la pili ni kuiva kwenyewe. Sisi watu wa pwani kuvundika ndizi tumekujua tangu zamani, na wazee walijua kwamba moshi huharakisha, na kwamba tunda moja lililoiva huwaambukiza wenzake. Sayansi ilikuja baadaye kulipa jambo hilo jina: ni gesi ya ethilini, iliyomo katika moshi na ambayo matunda hujitengenezea yenyewe. Mwingereza Gane alithibitisha hilo la pili kwa matofaa mwaka 1934. Nyanya nayo ikitoa ethilini, jeni mamia huamka kwa mfuatano: ukuta wa tunda unalainika, kijani kinavunjika, likopini inajaa, harufu zinazaliwa. Mwaka 1968 ikatangazwa huko Marekani nyanya ambayo kengele hiyo haikulia vizuri. Tunda lake lilikaa majuma mengi bila kuwa jekundu wala kuoza. Peke yake halikufaa kitu, lakini wakilichanganya na nyanya ya kawaida, mtoto chotara aliiva taratibu na kukaa muda mrefu dukani. Nyanya nyingi za kudumu zinazouzwa katika nchi tajiri zimetokana na mseto huo. Kilichopungua ni rangi na harufu, kwa kuwa kengele ni moja na wanaoamshwa ni wengi. Huwezi kumwacha anayelainisha alale na ukamwamsha anayenukia.

Na hapa njegere za Mendel zinapata kazi. Mkulima akihifadhi mbegu za chotara wa namna hiyo na kuzipanda, katika kila mimea 4 tazamia mmoja ambao matunda yake hayatakuwa mekundu kamwe. Atadhani amelogwa, au amepandia mwezi mbaya.

Kuhusu rangi nilisema nitarudi. Nyanya ya njano kwa kawaida ni nyanya ambayo jeni moja ya mwanzo wa njia ya rangi imekatika, hivyo likopini haitengenezwi. Lakini si kila nyanya isiyo nyekundu ina urithi huo. Joto likizidi nyuzi 30 na kitu, utengenezaji wa likopini husimama, ilhali rangi ya machungwa, jamaa wa ile iliyomo katika karoti, huendelea. Ndiyo maana nyanya zinazoivia hapa mjini katika joto la Februari hubaki na uso wa kibungo, na zile za Lushoto, kwenye kimo cha mita kama 1,400, huwa nyekundu kwa mbegu ile ile. Nimewasikia watu wakimtukana muuza mbegu kwa kosa la jua. Na tukiwa hapo, mke mwenye friji asiweke nyanya humo kabla ya wakati wa kuzila: baridi kali hunyamazisha jeni za harufu, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya siku 7 kwenye nyuzi 5 harufu hairudi kama ilivyokuwa hata tunda likirudishwa kwenye joto.

Ushahidi mkubwa wa wazee, hata hivyo, ulitoka mwaka 2017. Wataalamu wa Florida wakiongozwa na Harry Klee, pamoja na wenzao wa China, walisoma urithi wa aina 398 za nyanya, za mwitu, za zamani na za sasa. Walipima kemikali zake na kuwapa watu waonje. Wakakuta kemikali 13 muhimu za ladha zimepungua kwa uhakika katika nyanya za kisasa. Tena wakaona kwamba ukubwa wa tunda na utamu havipatani: jeni zilizofanya tunda liwe kubwa zilisafiri pamoja na upungufu wa sukari. Sikuwa na haja ya kuwapelekea barazani karatasi hiyo wale wanaotucheka, lakini nilifurahi kujua ipo.

Basi je, tumlaumu nani? Siku moja pale Soko la Mgandini nilimwuliza kijana anayeleta nyanya kutoka Lushoto kwa nini haleti zile laini za zamani.

"Shikamoo Mwalimu," akasema kwanza, maana ana adabu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, ladha haijazi tenga. Zile zako zikifika Segera zimeshakuwa mchuzi."

Sina jibu kwake, na sidhani kama wataalamu wanalo. Kutoka shambani tenga hushuka kwa kichwa au pikipiki hadi barabarani, kisha lori linateremka kona za Lushoto hadi Mombo, kilomita kama 33, halafu Korogwe, halafu Segera, na nyingine hazigeuki kuja huku bali zinaendelea hadi Kariakoo. Nyanya ya chini inabeba zote zilizo juu yake. Mkulima analipwa kwa tenga, mchuuzi anauza kwa sado au kwa fungu, na mama anachagua kwa jicho na kidole gumba. Katika safari yote hiyo hakuna mtu hata mmoja anayeonja. Wataalamu wetu wa Tengeru walijua hivyo. Wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofungua ofisi yake Arusha mwaka 1992, walitoa mwaka 1997 aina mbili, Tanya na Tengeru 97, zenye ngozi nene na zinazokaa muda mrefu. Walifanya jambo jema. Nyanya inayooza njiani haina ladha yoyote, na hasara yake humwangukia yule mwenye kipato kidogo kuliko wote katika safari ile. Mzee anayedai tungule za zamani huku akipokea pensheni inafaa amkumbuke mwenye shamba la robo ekari kule Usambara.

Lakini nakataa kukubali kwamba mambo yaishie hapo, na sababu yangu iko Amani, katika milima hiyo hiyo. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kikaendelezwa na Waingereza. Katika miaka ya 1930 mihogo ya Afrika Mashariki ilikuwa inateketezwa na ugonjwa wa batobato, na mihogo ya kawaida haikuwa na kinga ya kutosha. Storey, na baada yake Nichols, wakaanza kuichanganya na jamaa zake wa mbali, mmojawapo ukiwa ni mpira, ule mti ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu na ambao kwetu majani yake ni mboga, kisamvu cha mpira. Chotara wa kwanza hakuwa na muhogo wa kujivunia. Wakamrudisha kwa muhogo mara ya pili, mara ya tatu, hadi wakapata muhogo unaolika wenye kinga ya mpira. Uzao wa kazi hiyo ulipelekwa hadi Nigeria na kuingia katika ufugaji wa mihogo ya bara zima. Kilichookoa shamba kilikuwa kimesimama uani kama mti wa mboga.

Nyanya inafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 wataalamu waliolinganisha nyanya 725 walieleza juu ya namna moja ya jeni ya harufu ambayo imo katika asilimia kama 91 ya nyanya mwitu, lakini katika nyanya kubwa za zamani ilibaki asilimia 2 tu. Katika za kisasa imepanda hadi asilimia 7, inarudi polepole. Mwaka 2024 wengine nchini China walitangaza kwamba wamezima jeni mbili zinazobana sukari, na tunda likazidi utamu hadi asilimia 30 bila kupungua ukubwa. Kama ni kweli kwamba ukubwa na utamu vinaweza kuachanishwa hivyo, basi yule kijana wa tenga nami tunaweza siku moja kununua kitu kimoja. Ila kila hatua ya namna hiyo huanza na mtu aliyekuwa na mbegu ya jamaa mdogo asiye na faida.

Kwetu sisi jamaa huyo mdogo ni tungule. Hazijapandwa na mtu. Ndege huzila na kuzimwaga, na kuku pia. (Kisiwani Galápagos kuna nyanya mwitu ambayo mbegu zake zilimshinda Charles Rick kuzioteza, mpaka alipozipitisha tumboni mwa kobe wakubwa, mfano wa wale wa Changuu, aliandika habari hiyo mwaka 1961.) Tungule yangu ina bega la kijani na ngozi nyembamba, haivumilii hata kusafirishwa hadi Chumbageni, na ikipasuka mkononi chumba kizima kinajua. Adui yake si mbegu za Lushoto. Adui yake ni saruji. Nyua za mtaa wetu zinasakafiwa moja baada ya nyingine, maji ya vyombo yanaingia katika bomba, na ile pembe yenye jivu na maganda ambako tungule iliotea haipo tena. Siwezi kumzuia jirani asisakafie uani kwake; matope ya masika nayajua.

Ninachofanya ni kidogo. Nachagua matunda yaliyoiva sana, kila mmea peke yake, nayaminya katika kikombe na kuyaacha siku mbili au tatu mpaka yachache na ule utelezi uachane na mbegu. Kisha naziosha, nazianika kivulini juu ya sahani, zisigandamane na karatasi, na nazitia katika bahasha. Juu ya bahasha naandika mwaka na mahali: nyuma ya jiko la fulani, ukuta wa kisima, njia ya shuleni. Zikikaa pakavu huota hata baada ya miaka kadhaa. Sehemu mbili kati ya hizo nilizoziandika zimekwisha kusakafiwa. Mwaka uliopita waliokuja kuomba mbegu walikuwa wawili, mama mmoja auzaye chapati na supu asubuhi, na kijana wa tenga, ambaye alisema ni za mama yake.